Skrubu Mbili za Dokta Akida

Akida hakuwahi kutamani kuwa daktari. Alikwenda Mwanza kung'olewa gego, na mtu anayekwenda kung'olewa gego huwa hana tamaa yoyote duniani isipokuwa kurudi kwao akiwa hai.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki ya meno, shavu limevimba kama andazi, mlango wa chumba cha daktari umeachwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na mama mmoja na bintiye, na meno ya mbele ya binti yule yalikuwa yanafika mahali kabla ya mwenyewe. Daktari alikuwa anaeleza kwa utaratibu. Waya wa kawaida, alisema, huyavuta meno ya mbele kwa kushikilia magego ya nyuma. Shida ni kwamba gego nalo ni jino, likivutwa nalo linasogea. Kwa hiyo siku hizi wanaweka skrubu mbili ndogo sana kwenye mfupa wenyewe wa taya. Mfupa hauendi popote. Hapo ndipo inapofungwa kamba ya mpira, na meno ya mbele yanarudi nyuma taratibu, mwezi kwa mwezi, magego yakiwa yametulia.

"Ni kama nanga," daktari alimalizia.

Mama akauliza bei. Daktari akaitaja. Mama akasema, "Yesu wangu!" kisha akafungua mkoba.

Wagonjwa wengine pale kwenye benchi waliguswa na maendeleo ya sayansi. Akida aliguswa na ule mkoba. Maumivu ya gego yalimtoka palepale, jambo ambalo dawa za siku tatu zilikuwa zimeshindwa.

Huyu Akida alikuwa mtoto wa mjini Shinyanga, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani na kuuza vitambaa kwa uaminifu mkubwa. Uaminifu wote waliutumia wao, hakubakizwa hata kidogo kwa ajili yake. Alikuwa amekwisha kuuza viwanja vilivyokuwa na wenyewe, dawa ya kumfanya ng'ombe azae pacha, na tiketi za mkutano wa wawekezaji ambao wawekezaji wenyewe hawakuwa na habari nao. Alikuwa na sauti laini ya mtangazaji wa redio, viatu vinavyong'aa, na mdomo ambao, kusema kweli, nao ulikuwa umetanguliwa na meno kidogo. Lakini alizungumza vizuri kiasi kwamba watu walisahau kumtazama.

Alirudi Shinyanga na koti jeupe alilolinunua mitumbani, pamoja na taya la plasta ambalo kliniki ile bado inalitafuta. Akamwita Kudra.

Kudra alikuwa mshirika wake wa miaka mingi. Mungu alikuwa amempa meno meupe yaliyopangika kama punje za mahindi mabichi, na tangu siku hiyo akawa muuguzi na ushahidi kwa wakati mmoja. Akida alitafuta picha ya msichana fulani mwenye meno ya kutisha, akawaonyesha watu: "Huyu ni muuguzi wangu kabla ya nanga." Kisha Kudra anatabasamu. Kazi imekwisha.

Lakini ubunifu wenyewe wa Akida, ule ambao unamfanya astahili kusimuliwa, ulikuwa katika dhahabu.

"Skrubu za hospitali ni za madini ya kawaida," alimweleza Edson, dalali wa almasi pale Maganzo. "Mfupa wa mtu mwenye hadhi hauzikubali. Unazisukuma nje. Mfupa, kaka yangu, una heshima yake. Unataka dhahabu."

Edson alikuwa amewahi kumuuzia mgeni kipande cha chupa ya soda kwa jina la almasi, na akalala usingizi mzuri. Mtu wa namna hiyo hukubali haraka sana kwamba yeye ni wa hadhi. Akaleta dhahabu yake mwenyewe. Akida akaichukua "kuipeleka kwa sonara", na baada ya wiki akarudi na kiboksi cha mahameli chenye skrubu mbili za shaba alizozifungua kwenye redio mbovu.

"Daktari wa kuziweka anatoka ng'ambo mwezi ujao," alisema. "Mpaka hapo, lala nazo chini ya mto. Mfupa uzizoee."

Edson alilala nazo. Wengine watatu wa Mwadui na vijiji vya jirani nao walilala nazo. Dhahabu halisi ilikwenda Shinyanga, chumbani kwa Kudra, ndani ya pipa la unga. Akida hakuyaamini mabenki. Alisema yamejaa wezi.

Sifa zikamtangulia hadi Kharumwa, na siku moja ukaja ujumbe kwamba Mzee Ngassa anamtaka Dokta.

Ngassa alikuwa na makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu mchana kutwa, na nyumba yake ilikuwa karibu nazo kiasi kwamba wageni waliongea kwa kupiga kelele. Alikuwa mzee wa kimo kifupi, mcheshi, mwenye meno ya juu yaliyojitokeza kama paa la baraza.

"Mwangaluka, Dokta!" alisalimia kwa Kisukuma, akipaza sauti.

"Mwangaluka, mzee! Shikamoo!"

"Marahaba! Keti! Na wewe binti, keti! Tazama hapa!" Akajishika mdomo. "Nagombea udiwani! Mabango yanataka picha! Mpiga picha ananiambia, mzee, funga mdomo! Nimeufunga! Anasema, bado, mzee, funga! Nikamwambia, kijana, hapa ndipo ulipofungwa!"

Akacheka sana. Akida naye akacheka, kwa kiasi cha mtu anayetarajia kulipwa. Akatoa taya la plasta, akaeleza habari ya nanga, ya mfupa na heshima yake. Ngassa alisikiliza akitikisa kichwa. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha jasho kilichofungwa fundo. Alipolifungua, mle ndani kulikuwa na pande la dhahabu lenye ukubwa wa ndimu.

Akida alikuwa amejizoeza kutoonyesha chochote usoni. Siku ile uso wake ulisahau mazoezi yote.

"Hili ni lako lote!" Ngassa alisema. "Unanitengenezea skrubu zangu, linalobaki unakula na muuguzi wako! Lakini Dokta, nina swali moja la kijinga!"

"Hakuna swali la kijinga, mzee!"

"Mbona na wewe meno yako yako nje kama yangu?"

Kudra akapaliwa na chai. Hata makarasha, kwa bahati mbaya, yalinyamaza kidogo muda huohuo.

"Mzee," Akida alisema kwa upole, "mimi nimewatanguliza wagonjwa. Tangu nianze kazi hii sijapata nafasi yangu mwenyewe."

"Leo umepata! Mimi sinunui pampu kabla sijaiona ikitoa maji. Mtoto wa kaka yangu, Juliana, ni daktari wa meno, ana kliniki Geita. Vifaa anavyo. Atakufunga wewe kwanza, za kawaida tu, mimi nalipa. Nikikuona umefungwa, umeinuka, unatembea, unachukua pande lako. Wabeja sana, Dokta, asante!"

Wakati wa kwenda Geita, Ngassa alitangulia na gari lake, wao wakafuata na la kukodi. Kudra alilitazama gari la mzee mbele yao.

"Kaka Akida, yule mzee anacheka mno."

"Anacheka kwa sababu ni mjinga."

"Wajinga nimewaona. Hawana makarasha."

"Wewe umeliona lile pande? Skrubu mbili, Kudra! Kitu kidogo kama kijiti cha kiberiti. Nitazivumilia mpaka tufike Shinyanga, kisha nitamtafuta mtu wa kuzing'oa. Hata seremala."

Kudra akaukumbatia mkoba wake.

Daktari Juliana alikuwa mwanamke mtulivu wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, na Akida alimwona mara moja kuwa hana hatari. Alimpiga picha ya taya, akaitazama kwenye kioo cha kompyuta, kisha akageuka.

"Karibu sana, mwenzangu. Ulisomea wapi?"

"Nje," Akida alisema.

"Nje wapi?"

"Nje kabisa."

"Vizuri. Na kwako wewe, nanga hizi huwa unapenda kuziweka kati ya mizizi ya meno gani?"

Akida akakohoa kidogo, kama wafanyavyo wataalamu. "Inategemea mgonjwa anatokea upande gani."

Juliana alimtazama baba yake mdogo. Ngassa alikuwa anatazama dari kwa makini, kama mtu anayehesabu mbao.

"Kaka Akida," daktari akasema, na safari hii hakumwita mwenzake, "meno yako kweli yanahitaji kazi hii. Nitakufanyia kama ninavyomfanyia mtu yeyote. Lakini si mchezo, ni shughuli ya kama miaka miwili. Unakubali kwa hiari yako?"

"Nakubali."

"Hakuna aliyekulazimisha?"

Pande la dhahabu lilikuwa juu ya meza, karibu na karai, linang'aa chini ya taa. Akida alilitazama kwa mapenzi.

"Hakuna."

"Nikuulize mara ya mwisho. Ukitaka kuinuka, inuka sasa."

"Dada, fanya kazi."

Ikafanywa. Alichomwa ganzi ya kwanza, ya pili, na mdomo ukamwondokea, ukawa kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akishike. Alisikia mkandamizo upande huu wa taya, kisha upande ule, bila maumivu, kama mtu anayefunga kitasa cha mlango wa jirani. Halafu akawekewa kitanua mdomo cha plastiki, midomo ikavutwa pande zote, meno yote nje, akabaki anawakenulia watu kama fuvu lenye furaha. Daktari akaanza kubandika vyuma kwenye meno ya mbele, kimoja kimoja, na kupitisha waya.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kutamka maneno, Akida alikuwa mahali pa hatari bila uwezo wa kuongea.

Hapo ndipo Kudra alipoinuka. "Samahani dokta, hiki kitaloa maji," alisema, akalinyanyua lile pande alisogeze mbali na karai.

Kudra aliwahi kuolewa na mnunuzi wa dhahabu, na katika ndoa ile hakupata kitu kingine chochote isipokuwa kiganja. Kiganja chake kilijua uzito wa dhahabu kabla mzani haujaulizwa. Alilishika pande lile kwa muda wa kupepesa macho, akalirudisha mezani taratibu. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa shaba iliyopakwa rangi nzuri sana. Na mzee anayeishi na dhahabu maisha yake yote haweki shaba mezani kwa bahati mbaya.

"Dokta wangu," alimwambia Akida kwa sauti ya huruma, akimpapasa bega, "naenda kukununulia maji ya kunywa."

Akachukua mkoba. Akachukua na koti lake la baridi, na jua la Geita siku hiyo lilikuwa la kukaanga samaki. Akida aliliona lile koti, akaelewa kila kitu.

"Aaaah!" alisema. "Aaaah aaah!"

"Tulia, kaka," Juliana alimwambia. "Usimeze."

Mlango ulifungwa nyuma ya Kudra, na haukupita muda ukafunguliwa tena. Aliyeingia hakuwa na maji. Alikuwa Edson wa Maganzo, na nyuma yake wale watatu wengine, kila mmoja na kiboksi cha mahameli mkononi.

"Habari za siku nyingi, Dokta," Edson alisema. "Zile skrubu zangu zimeuzoea mto vizuri. Mfupa tu ndio bado."

Mtu mwenye mdomo wake angejitetea. Akida angeweza kuwageuza wale wanne kwa dakika chache, akawauzia hata kiti alichokalia. Alizungusha macho, akainua mikono, akatoa sauti kama ndama aliyenaswa.

Ngassa alivuta kigoda karibu na kiti.

"Edson ni shemeji yangu," alisema, na kwa kuwa hapakuwa na makarasha, alisema taratibu. "Nilikuwa nakujua hata kabla hujapokea ujumbe wangu. Ningeweza kukupeleka polisi siku ileile. Lakini nikakuona unavyotabasamu, nikasema, huyu ana meno yangu." Akainama, akachungulia kinywani mwa Akida kwa hamu ya kweli. "Unajua, mimi kweli nataka kufunga hivi vitu. Juliana ananiambia kila mara haiumi. Lakini madaktari wote husema haiumi. Nikataka kumwona kwanza mtu mwingine. Mtu ambaye, ikiuma, sitajisikia vibaya sana. Sasa niambie kweli, inauma?"

"Aahaa," Akida alisema.

"Anasemaje?"

"Anasema haiumi, baba mdogo," Juliana alijibu bila kuinua kichwa. Kisha akaweka kifaa chini, akamgeukia mzee, na sauti yake ikawa nyingine. "Wewe uliniambia ni mgonjwa. Hukuniambia ni majaribio. Wewe na mimi tutazungumza leo."

Mzee Ngassa, mwenye makarasha na wafanyakazi, aliinamisha kichwa kama mwanafunzi.

Kitanua mdomo kilipotolewa, neno la kwanza la Akida lilikuwa jina la Kudra. Ganzi ilikuwa bado imeushika ulimi.

"Kuhaa!" alilia. "Kuhaa!"

Edson akarudi nyuma hatua kadhaa. "Anataka kuhara?"

Walipomwelewa, Kudra alikuwa ndani ya basi la Kahama, na simu yake haipatikani. Kesho yake walimpakia Akida kwenye gari hadi Shinyanga. Chumba kilikuwa kimefagiliwa vizuri. Pipa lilikuwepo, unga ulikuwepo, na ndani ya unga mlikuwa na unga tu. Mwenye nyumba, bibi mmoja mpole, alisema binti Kudra ameondoka salama, kodi kalipa, na kaacha salamu.

"Kasema, mwambieni kaka Akida asitafune mifupa."

Akida alikaa chini kwenye sakafu. Alikuwa ameibia watu maisha yake yote, na hakuna siku aliyofikiria kwamba inauma namna ile, hapa katikati ya kifua, mahali ambapo ganzi haifiki. Miaka mingi alikula na Kudra sahani moja. Jambo lililomkera zaidi ni kwamba, angekuwa yeye, naye angelibeba lile koti.

Wakamwekea mezani mambo mawili: polisi, au kufanya kazi kwenye makarasha ya Ngassa mpaka dhahabu ya watu irudi. Akida alichagua makarasha, kwa hesabu kwamba karasha halina kufuli. Na kweli, mwezi wa kwanza haujaisha akatoroka hadi Nzega. Huko waya ukachomoka upande mmoja, ukamchoma shavu, akawa anaongea kichwa kimeinama kama anayeomba msamaha. Alikwenda kwanza kwa mganga wa meno, huyo akakataa kugusa nanga asiyoijua. Alikwenda kwa fundi saa, naye akakataa. Seremala, yule yule aliyemtegemea tangu mwanzo, alichungulia kinywani, akaita na wenzake waje kuona, kisha akamshauri aende hospitali.

Akida alirudi Kharumwa kwa miguu yake na kwa lifti za malori. Ngassa alimkuta asubuhi amekaa barazani.

"Umerudi?" aliuliza kwa kelele.

"Waya umeshomoka!" Akida alijibu kwa kelele. Herufi nyingine zilikuwa zimeanza kumshinda.

Basi ikawa hivyo. Mtu ambaye hakuwahi kukaa mji mmoja hadi nguo zake zikauke, alianza kukaa. Alibeba mawe, alikula vumbi, na kila mwezi alikwenda Geita kukazwa mpira. Baada ya muda Ngassa naye akafungwa skrubu zake, za kawaida kabisa, baada ya kumtaka Juliana radhi mara mbili. Wakawa wanakwenda pamoja, gari moja, na kurudi pamoja wakinywa uji kimya kama wanandoa waliogombana. Udiwani mzee aliukosa. Waya ulimfanya atamke ahadi zake vibaya, na wananchi, ambao wamezoea ahadi zilizotamkwa vizuri, walimpigia kura mwingine.

Na meno, bila kujali tabia ya mwenyewe, yalirudi. Mfupa haukusogea, magego hayakusogea, ya mbele yakasogea, unywele kwa unywele, hadi siku moja Akida alipojitazama kwenye kioo cha lori akaona midomo yake miwili imekutana. Ilikuwa haijawahi kufahamiana. Akatabasamu peke yake, akaona haya, akatazama kama kuna aliyemwona.

Aliyemwona alikuwa mama mmoja mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, bangili hadi kwenye kiwiko, aliyefika na gari jipya kuangalia mawe. Alimwita pembeni.

"Kaka, shika soda. Hebu cheka tena." Akida akacheka. Mama akasogea. "Mwanangu wa kike meno yake hayamwachi aolewe. Nani kakufanyia hivi? Na usinifiche, nimesikia kuna skrubu za dhahabu. Niambie kiasi gani nilete. Ninayo hapahapa kwenye gari."

Akida alihisi maneno yote ya zamani yakiamka. Yalikuja mbio, laini, yamevaa viatu vya kung'aa, yakapanga foleni nyuma ya meno. Mfupa una heshima yake. Daktari anatoka ng'ambo. Alifungua mdomo. Aliuona uso wa yule mama ukimngoja, umeamini tayari, kabla hata hajaambiwa kitu, na akakumbuka sakafu ya chumba kitupu Shinyanga.

"Mama," alisema, "si za dhahabu. Ni za kawaida. Nenda Geita mjini, muulize Daktari Juliana. Lipia kwake. Mimi usinipe kitu."

Hakuwahi kusema maneno mengi ya kweli mfululizo namna ile. Yalimtoa jasho.

Mama yule akamtazama kuanzia kofia hadi ndala, akaichukua tena soda yake.

"Sura nzuri hivyo," alisema, akipanda gari, "na muongo hivyo."